Fundi Sikio na Mlio wa Mheshimiwa

Tobias alikuwa fundi wa magari pale Ruiru, nyuma ya stesheni ya reli, na watu wote walimwita Sikio. Jina hilo hakujipachika. Alipewa na madereva, enzi zile alipokuwa akichukua bisibisi ndefu, anaweka ncha kwenye injini na mpini kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, anafumba macho, halafu anataja ugonjwa kabla mwenye gari hajamaliza kusalimia watu. Akisema ni beringi ya alteneta, ilikuwa beringi ya alteneta. Watu walitoka Githurai, walitoka Juja, walitoka hata Thika kwenye mafundi kibao, wakaja kupiga foleni mbele ya sikio la Tobias.

Sasa ona mambo ya dunia. Sikio lenyewe lilikuwa limekufa. La kulia lilianza kuzimika miaka mitatu iliyopita, na la kushoto halikukubali kuachwa nyuma. Tobias alijua mambo yameharibika siku alipompongeza jirani yake kwa kuchinja yule jogoo msumbufu, kumbe jogoo mwenyewe alikuwa amesimama juu ya ukuta nyuma yake, shingo ndefu, akiwika. Alikwenda kwa daktari. Daktari alimweleza jambo refu sana, tena kwa upole, ila Tobias hakulisikia, na akaona aibu kumwambia arudie.

Siri hiyo aliijua mkewe Wilkister tu, na Wilkister hakuwa mtu wa maneno mengi nje ya nyumba. Lazima ifichwe, kwa sababu ng'ambo ya barabara kulikuwa na Gachau. Gachau alikuwa fundi kijana aliyenunua mashine ya kompyuta. Anachomeka waya kwenye gari, anakunja uso mbele ya kioo, anasoma. Magari mengine ni ya zamani hata hayana mahali pa kuchomeka, lakini Gachau alikunja uso hivyo hivyo. Na Mzee Gichuru, mwenye kiwanja alichofanyia Tobias kazi, alikuwa ameanza kusema wazi kwamba kiwanja kizuri kama kile kinataka fundi wa kisasa. Alikuwa anatafuta sababu tu. Fundi anayeitwa Sikio akijulikana ni kiziwi, hapo sababu imepatikana, kiwanja kinavuka barabara kwenda kwa Gachau na Tobias anapanda gari la usiku kurudi Kimilili, akaulizwe na mashemeji miaka yote hiyo alikuwa akifanya nini huku.

Basi Tobias akajitafutia njia. Mteja akifika na kusema gari linalia, alimwambia neno moja, "Ifanye." Na watu waliufanya ule mlio. Mtu anayetaka gari lake lipone hana haya. Diwani mmoja alipiga magoti kwenye changarawe akanguruma mpaka kofia ikaanguka. Maxine, msichana wa benki mwenye kucha ndefu, alibweka mara mbili akamalizia na kikohozi, na Tobias akambadilishia plagi. Alisoma midomo na mashavu. Meno yakibana, kuna kitu kinasagana. Midomo ikipigana, kuna kitu kimelegea. Shingo ikivimba, hiyo ni ekzosi, bomba la moshi. Baada ya hapo aliingiza mikono, na kusema kweli mikono ndiyo iliyofanya kazi yote. Lakini bisibisi aliiweka sikioni vile vile, kwa sababu watu walipenda kuiona. Alifumba macho akahesabu mpaka kumi. Jambo moja tu hakufanya tena, nalo ni kupanda gari la mteja kwenda kulijaribu barabarani, maana huko angeulizwa anasikia nini na hana mdomo wa kuutazama.

Ikaendelea hivyo mpaka Jumatatu moja alipoingia Mwalimu Mumbi.

Mwalimu Mumbi alikuwa mkuu wa shule mstaafu kutoka Murera, mwanamke mfupi, mnene wa heshima, mwenye sauti ya paredi ya asubuhi shuleni. Alikuwa akiongea na wewe uliye hatua mbili tu mbele yake kana kwamba uko mstari wa mwisho. Gari lake liliitwa Mheshimiwa. Lilikuwa gari kuukuu la kijani, refu, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, aliloachiwa na marehemu mumewe, Ndung'u. Ndung'u alilinunua ili awanie udiwani, udiwani ukamkataa, jina likabaki kwa gari.

Alieleza shida yake na kiwanja kizima kikaelewa. Alikuwa na kikundi cha akina mama wa kanisa, wanane, aliowabeba kwenda harusini na matangani. Sasa wameanza kumkwepa. Wanasema Mheshimiwa analia. Na Jumamosi hiyo wangepeleka uji Thika, kwa Wanja, binti wa mmoja wao aliyejifungua juzi, na uji wa mzazi hauendi kwa boda boda, ni lazima akina mama wafike pamoja, ndoo kichwani, wakiimba.

Tobias akamwambia aufanye huo mlio. Mwalimu Mumbi akatazama mabati ya paa. Akatazama gari. Alikuwa na sura ya mtoto aliyeulizwa hesabu ambayo hakuifanya. Kisha akavuta midomo akatoa, "Ngiiiii."

Tobias akaitikia kwa kichwa. Beringi ya gurudumu. Akaweka bisibisi sikioni kwa ajili ya watu, akasema amesikia.

Alipoingia chini ya gari, mkono ulijiendea wenyewe kwenye propela, yaani lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Kwenye ncha zake kuna kiungo cha umbo la msalaba ambacho mafundi wanakiita spaida. Propela nzima, gari likiwa kwenye gia, ukiizungusha kwa mkono inakataa papo hapo. Hii ilikubali kwanza, ikasogea upana wa kidole, ndipo ikakataa. Mkono ukamwambia: ni hapa. Lakini kwa uzoefu wake spaida iliyoisha namna ile inagonga, na Mwalimu hakugonga, alifanya ngiiiii. Tobias, ambaye sasa alikuwa akiishi kwa midomo ya watu, aliuogopa mdomo kuliko alivyouamini mkono wake. Akajiambia gari la umri ule lazima lichezecheze kidogo, hata yeye mwenyewe magoti yanacheza. Akabadilisha beringi.

Jumatano Mwalimu Mumbi akarudi. Akina mama walipanda kwenda mazoezi ya kwaya, wakateremka kona ya kwanza, wakaenda kwa miguu wakijidai wanataka hewa. Tobias akamwambia aufanye tena. Safari hii mwalimu alitingisha mashavu, "Kwara-kwara-kwara." Tobias akabadilisha bushi, vile vipira vya springi. Akiwa huko chini, mkono uligusa propela tena, ikasogea tena, na akauondoa haraka kama aliyekamatwa jikoni mwa watu.

Alhamisi ilikuwa, "Mmmuuuu."

Tobias alikaa kwenye tairi akafikiri. Maisha yake yote hakuwahi kukutana na ubovu ulioanza mbu, ukawa kuku, ukaishia ng'ombe. Alibadilisha mpira unaoshikilia injini, lakini moyoni hakuwa na amani. Na wakati huo huo Gachau alivuka barabara, mikono mfukoni, akamwambia Mwalimu mbele ya watu kwamba yeye angechomeka kompyuta tu na mambo yaishe, na kwamba uzee unafikia kila mtu, hata masikio. Gichuru alikuwa hapo, akacheka kupita kiasi. Tobias hakusikia neno hata moja. Lakini aliona meno ya Gichuru, na hayo yalimtosha.

Jioni hiyo ugali ulimshinda. Wilkister alisogeza kiti upande wa kushoto, mahali palipobaki na uhai kidogo, akauliza kuna nini. Tobias akamwambia yote. Aliogopa, na aliona uchungu kwamba anaogopa, mtu wa miaka hamsini na minane. Wilkister alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia polepole, "Baba Dorine, panda hiyo gari uende nayo. Wacha kungoja mdomo ya mtu."

Ijumaa alasiri Mwalimu Mumbi akaja na uamuzi. Kesho anapeleka uji na gari lilivyo, Jumatatu anampelekea Gachau. Tobias akaomba wapande pamoja, tu mpaka Murera. Mwalimu akasita, kisha akakubali, ila akamwambia akae nyuma, kwa sababu alikuwa ametoka kuchukua ndoo ya uji kwa mwenzake wa pale Ruiru na mfuniko wake hauonekani. Kuna mtu lazima aishike.

Basi Sikio, fundi aliyejulikana mpaka Thika, akapanda nyuma ya Mheshimiwa akakamata ndoo ya lita ishirini kwa magoti, uji umejaa hadi shingoni, wa wimbi, mzito, uliochachuka vizuri. Mwalimu akaingiza gia na wakaondoka.

Aliendesha vile alivyokuwa akiendesha shule, katikati ya njia bila kugeuka. Tobias akatazama nje. Mbuzi watatu waliokuwa wamelala kando ya barabara waliinuka wote kwa pamoja wakaingia kwenye boma la watu. Mama mmoja akamvuta mtoto wake ndani ya kibanda. Mwenye duka la simu akatoka nje akatazama mbinguni kuona kama kuna ndege inaanguka. Tobias akafikiri, watu wa huku wanaheshimu sana walimu.

Mwalimu Mumbi akamtazama kwenye kioo, na midomo yake ikasema, unasikia? Tobias akajibu kwamba anasikia. Kisha, kwa adabu, naye akamwuliza kama anasikia. Mwalimu akamkazia macho kwenye kile kioo mpaka alipomaliza, akasema, sana. Wakaendelea na safari, kila mmoja ameridhika.

Ilikuwa baada ya tuta la kwanza ndipo Tobias alipoanza kuutazama uji. Hakuwa na kitu kingine cha kutazama. Mwalimu alipoinua mguu kwenye mafuta, uji uliruka mbele. Haukuteleza, uliruka, kama mtu aliyesukumwa mgongoni. Alipokanyaga tena, uliruka nyuma ukamlamba shati. Kuinua, mbele. Kukanyaga, nyuma. Halafu barabara ikanyooka, gari likashika mwendo, na uji ukaanza kutetemeka katikati, viduara vidogo vidogo vikitoka ndani kwenda kando, haraka haraka, bila kupumzika. Tobias akaweka kiganja kwenye sakafu ya gari. Kile alichokiona kwenye uji kilikuwa kinampiga kwenye kiganja, ko-ko-ko-ko, kutoka nyuma, kutoka pale pale mkono wake ulipomwambia tangu Jumatatu.

Haikuwa kuku wala ng'ombe. Ilikuwa spaida ya nyuma, na ilikuwa imeisha kabisa. Ikikatika, propela inaanguka. Ikianguka kwenye Thika Road kesho asubuhi, gari likiwa kasi na akina mama wanane ndani wakiimba, inaweza kuchapa huku na huku chini ya gari, ikakata bomba la breki na kuwaacha bila breki.

"Mwalimu, simama," akasema.

Mwalimu Mumbi hakusimama. Tobias akasema tena kwa nguvu zaidi. Mwalimu akaongeza gia. Tobias akapiga kelele ambayo yeye mwenyewe aliihisi kwenye mbavu, na yule mama, mita moja mbele yake, akaendelea kuendesha ametulia, akimpungia mkono mtu wa kanisa lake aliyekuwa amejibanza ukutani.

Hapo ndipo lilipomjia. Mungu wangu, Tobias alijisemea, huyu naye hasikii.

Akanyoosha mkono akamgusa begani. Mwalimu Mumbi alishtuka, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, na robo ya uji wa Wanja ikamwagika kwenye kifua cha fundi. Walikuwa wamesimama kwenye stendi ya boda boda ya Murera. Waendeshaji watano walikuwa wameketi juu ya pikipiki zao, wote wameziba masikio kwa vidole. Mmoja wao alikuwa Byron. Tobias alimjua vizuri. Byron alilala Ruiru, alikunywa chai yake kila jioni kwenye kibanda cha mlangoni mwa Gichuru, na jambo likiingia kwa Byron saa kumi, kufika saa kumi na moja Ruiru nzima inalo.

Tobias akateremka, uji unachuruzika, akaenda kwenye dirisha la dereva. Akamwonyesha Mwalimu kwa mikono na kwa mdomo kwamba ni spaida, kwamba kesho asithubutu kwenda Thika. Mwalimu Mumbi aliutazama mdomo wake wote, halafu akatikisa kichwa.

"Fundi," akasema, na boda boda wote wakageuka. "Jumatatu ulisikia beringi. Jumatano ukasikia bushi. Jana ukasikia mpira. Kila siku unaweka bisibisi kwa sikio, unafunga macho, unaniambia umesikia. Hii ya leo nitaiamini kwa nini? Kesho napeleka uji. Wamama wananingoja."

Tobias akaona kwamba yuko sawa. Yeye angekuwa Mwalimu asingeamini pia. Kulikuwa na jibu moja tu la kumwambia kwa nini alikosea mara tatu, na jibu hilo alikuwa amelificha miaka mitatu. Alimtazama Byron. Aliwaza kiwanja, na Gachau akihamisha kompyuta yake. Aliwaza wale akina mama wanane, na alijichukia kwa sababu hao hakuwawaza kwanza.

"Mwalimu, mimi sisikii," akasema kwa sauti ya chini.

"Ati nini?" akauliza Mwalimu Mumbi, ameinama dirishani.

Sasa hapo Shetani alimfungulia mlango. Angeweza kusema alikuwa anataja spaida tu. Angeweza kukohoa. Byron hakuwa amesikia, dunia haikuwa imesikia, na jina lake lilikuwa bado zima. Tobias alisimama pale akiutazama mlango huo muda mrefu kuliko alivyopenda kukumbuka baadaye. Kisha akavuta pumzi.

"Mimi ni kiziwi!" akapaza sauti. "Masikio yote mawili! Miaka tatu sasa! Hiyo yote nilikuambia nimesikia, nilikuwa nakuangalia mdomo!"

Boda boda wakaondoa vidole masikioni. Mwanamke aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma akaacha kupepea. Mwalimu Mumbi akazima injini, akamtazama Tobias, na midomo yake ikaanza kutetemeka. Tobias akadhani analia. Kumbe ilikuwa kicheko, na kilipotoka kilimtikisa mpaka kiti.

"Na ulikuwa unaangalia nini kwa mdomo yangu, fundi?" akasema. "Mimi sijasikia hii gari tangu Krismasi ya juzi."

Akamweleza, pale pale dirishani, kwa sauti ya paredi, na stendi nzima ikahudhuria. Alificha kwa sababu mwanawe wa Nairobi alishamwambia siku akianza kutosikia, atachukua funguo za gari. Bila gari yeye ni mjane wa kukaa mlangoni. Alijua tu gari ni bovu kwa sababu aliona akina mama wakishikana mikono na kuombea. Kwa hivyo fundi alipomwambia aufanye mlio, alitunga. Ule wa kwanza aliutoa kwa mbu, kwa kuwa mbu ndani ya neti ndicho kitu cha mwisho alichokumbuka kukisikia vizuri. Wa pili na wa tatu aliangalia tu ni mnyama gani yuko karibu nyumbani.

Tobias aliona aibu, halafu akaona aibu imeisha, halafu akacheka mpaka akashika mlango wa gari. Fundi asiyesikia alikuwa amebadilisha vyuma wiki nzima kwa kufuata mlio wa mtu asiyesikia.

Wakaingia kazini. Byron alishika breki na kuweka gia kama alivyoelekezwa, Tobias akajilaza chini, na Mwalimu Mumbi, asikubali kuambiwa, akatandika leso barabarani akapiga magoti. Tobias akauchukua mkono wake akauweka kwenye kiungo, kisha akazungusha propela. Kwanza ikasogea, kisha ikagonga. Mwalimu alitoa macho.

"Hii?" akauliza.

"Hii."

"Na ulijua lini?"

Tobias akaona hakuna haja ya kuongeza uongo. "Jumatatu," akasema.

Mwalimu Mumbi akampa jicho analopewa mtoto aliyejua jibu akakataa kuinua mkono, na akamzaba kofi dogo begani, lenye grisi. Tobias alilikubali. Lilikuwa kofi lake halali.

Alipofungua boliti kwa spana alizoazima kwa boda boda, spaida ilimwangukia vipande vipande. Vile visindano vyake vya ndani vilikuwa vimesagika vikawa ugoro mwekundu. Kipande kimoja kilikuwa kimebaki kushikilia propela kwa huruma tu. Byron alikiokota, akakigeuza, akaacha mzaha wote. Alisema kwamba mlio huo walikuwa wakiusikia gari likiwa bado mbali, na kwamba kwa wiki mbili hapo stendi wamekuwa wakimwombea Mwalimu bila kujua namna ya kumwambia. Kisha akawasha pikipiki akakimbia Thika kutafuta spaida mpya.

Tobias hakungoja. Gari la kuvuta kwa miguu yote minne lina faida hiyo: aliondoa propela ya nyuma yote, akaivuta ile gia fupi ya pembeni, na Mheshimiwa akaenda nyumbani kwa Mwalimu akivutwa na magurudumu ya mbele peke yake, polepole, kimya. Mbuzi hawakuinuka. Jua lilipokuwa linazama spaida mpya ilikuwa ndani, na asubuhi yake akina mama wanane walipanda wote bila kutaka hewa, wakaimba mpaka Thika. Uji ulifika, umepungua kidogo.

Lakini Tobias hakuwa na furaha ya kuimba. Jumapili nzima alikaa nyumbani Githurai akijua Byron yuko Ruiru, na kwamba Byron ana mdomo. Wilkister alimwambia amefanya vizuri, na yeye alijua amefanya vizuri. Jumatatu aliondoka mapema kuliko kawaida. Aliamua kwenda kuteremsha mwenyewe kibao chenye jina lake kabla ya Gichuru kumwamrisha. Hilo angalau angejifanyia.

Alipokata kona ya stesheni alikuta magari matatu yamejipanga mbele ya kiwanja. Hayo ni ya Gachau, alifikiri, wameanza kuhamia. Na la kwanza kabisa lilikuwa pikapu ya Gichuru mwenyewe, na Gichuru amesimama kando, koti limefungwa vifungo vyote, akimngoja.

Tobias akaenda moja kwa moja mpaka mbele yake. Hakutaka kufukuzwa kwa jambo ambalo hakulisema kwa mdomo wake.

"Mzee Gichuru," akasema, "mimi sisikii. Ni miaka mitatu. Ningekuambia kitambo."

Gichuru alisogea mahali penye mwanga, akafungua mdomo wazi, akalitamka kila neno peke yake ili lionekane.

"Hiyo tulijua Ijumaa jioni," akasema. "Hata Mwalimu Mumbi ametangaza kanisani. Mimi nauliza maneno ya hii uji."

Tobias akageuka kuangalia alikoonyeshwa. Nyuma ya pikapu kulikuwa na ndoo, imejaa, imefunikwa kwa gazeti. Akatazama gari la pili. Mwenye gari alikuwa amekumbatia ndoo mapajani. La tatu, mke na mume walikuwa wakibishana kama yao imejaa vya kutosha. Byron alikuwa amesema, bila shaka, tena wikendi nzima, na maneno yalikuwa yamenona njiani: kwamba kuna fundi Ruiru ambaye hahitaji masikio wala kompyuta, anapanda gari na ndoo ya uji, anautazama, anaona ugonjwa wote.

"Pikapu inanitetemesha nikipita arobaini," Gichuru akaendelea. "Gachau amechomeka ile mashine yake mara mbili, inamwambia hakuna kitu. Sasa hii ni ya wimbi. Itafaa, ama nirudi nyumbani nilete ya mahindi?"

Tobias alitaka kumweleza. Alitaka kusema kwamba uji si dawa, kwamba ni mikono, kwamba ilikuwa mikono siku zote. Lakini Gichuru alikuwa akimngoja kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa hata siku moja akiwa na masikio.

"Ya wimbi iko sawa," akasema. Akapanda nyuma ya pikapu, akaondoa gazeti, akakamata ndoo kwa magoti, na akapiga bati mara mbili kumwambia aondoke.